Nyaya zote ziliingia, picha ikakosekana

Shangazi alinipigia saa saba na nusu mchana, Jumamosi moja ya Julai, nikiwa nimefunikwa kitambaa kwa kinyozi. "Wewe uko wapi? Njoo, hii TV imekataa." Sikuuliza TV gani. Kwa wiki mbili familia nzima haikuwa na habari nyingine: binti yake wa kwanza alikuwa anafunga ndoa Toronto saa tano asubuhi ya huko, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili jioni, na sisi ambao viza na nauli vilitupita tungeitazama kwa Zoom sebuleni kwake, mtaa wa Umoja, Nairobi. Shosho, yaani nyanya yetu, alikuwa ameletwa kutoka Nyeri tangu Alhamisi. Mchele wa pilau ulikuwa umeshachambuliwa. Kilichobaki ni picha kutoka kwenye laptopu kuingia kwenye runinga, jambo ambalo binamu yangu aliahidi kulimaliza "kwa dakika mbili" na sasa alikuwa nalo tangu saa tatu asubuhi.

Kazi yangu ya kila siku ni kuhudumia kompyuta za shule moja, kwa hiyo katika ukoo huu mimi ndiye daktari wa kila kitu chenye waya, hadi pasi. Nimeona visa vingi vya laptopu na runinga kukataana. Hiki nakiandika chote, pamoja na upuuzi wake, kwa sababu nilipofika hakuna kifaa kilichokuwa kimekufa. Kila kichwa cha waya kilikuwa kimeingia tunduni mwake barabara, kimekaza, hakichezi. Na kwenye kioo cha runinga maandishi yaleyale yalikuwa yakitembea kutoka kona hii hadi ile: hakuna mawimbi.

Vifaa vyenyewe

Runinga ni ya inchi 32, iliyonunuliwa kabla Kenya haijahamia matangazo ya dijitali mwaka 2015. Haijui intaneti, na huwezi kuirushia picha hewani kutoka kwenye simu. Imefungwa ukutani kwa chuma kile kisichosogea, hivi kwamba nafasi iliyobaki nyuma yake haiingizi mkono wa mtu mzima. Ubavuni, panapofikika, kuna matundu mawili ya HDMI, njia ya waya mmoja wa picha na sauti, na moja limeshikwa na dekoda.

Laptopu ni HP EliteBook 840 G1, mkono wa pili, katika zile ambazo wauzaji wa mjini huziita za Uingereza kwa sababu zimetoka kwenye maofisi ya huko. Mashine ngumu, haina makeke. Ina matundu mawili ya kutoa picha. La kwanza ni VGA, lile pana lenye vishimo 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni. La pili ni DisplayPort. HDMI haina. Watu wengi hawaamini hili hadi waigeuze pande zote, kwa sababu DisplayPort ukiitazama haraka ni kama HDMI ndugu yake.

Kuna sababu ya mambo kuwa hivyo, na inafaa kuijua kwa vile laptopu za namna hii zimejaa Nairobi. VGA ilitoka IBM mwaka 1987, na kwa zaidi ya miaka ishirini ndiyo iliyokuwa lugha ya kila skrini ya kompyuta. Mwezi Desemba 2010 Intel, AMD, Dell, Lenovo, Samsung na LG walitangaza kwamba wangeiondoa ifikapo 2015, lakini laptopu za ofisi ziliendelea kuibeba kwa sababu kila chumba cha mikutano duniani kilikuwa na projekta yenye VGA. HDMI, kwa upande wake, ilibuniwa kwa ajili ya sebule. Toleo lake la kwanza lilitoka Desemba 2002, kazi ya kampuni saba za vifaa vya umeme zikiwemo Sony, Philips, Hitachi na Toshiba, na anayeiweka kwenye kifaa chake hulipia ada. DisplayPort ilikuja 2006 kutoka kwa VESA, chama cha kampuni za elektroniki kinachoweka viwango vya picha za kompyuta. Kwa hiyo laptopu ya karani wa London haikuwa na haja ya kujua sebule inaongea nini. Miaka kadhaa baadaye ndiyo hiyo iko Umoja, mbele ya shosho, na sebule ndiyo kazi pekee tunayoitaka ifanye.

Asubuhi ilivyokwenda

Binamu alianza kwa kung'oa waya wa HDMI wa dekoda na kujaribu kuuchomeka kwenye DisplayPort. Haukuingia. Ukiziweka sambamba utaona kwa nini: kichwa cha HDMI kimebinywa kona zake zote mbili za chini, ilhali tundu la DisplayPort limekatwa kona moja tu. Sijui alisukuma kwa nguvu kiasi gani, ila rangi ya ukingo ilikuwa imechunika na yeye mwenyewe alikuwa hataki tuiongelee.

Akapanda matatu hadi mjini, Luthuli, barabara ya maduka ya vifaa vya umeme. Pale kwenye vibanda vya ndani, ambapo meza moja ina mafundi wanne na kila mmoja ana kioo chake cha kukuza, aliomba "waya ya HDMI na VGA". Akapewa. Upande mmoja kichwa cha VGA cha buluu, upande wa pili HDMI, katikati waya mweusi mtupu wa mita moja na nusu. Mia tatu hamsini. Alipouliza kama utafanya kazi aliambiwa "hii inashika tu, boss". Na kweli ulishika. Uliingia VGA kwenye laptopu, ukaingia HDMI kwenye runinga, skrubu zikakazwa, na hakuna kilichotokea.

Akarudi. Kibandani palikuwa na bango la kusema bidhaa zikishauzwa hazirudishwi, ila baada ya kubembelezana akakubaliwa kubadilishiwa kwa kuongeza mia nne. Safari hii akaja na kigeuzi halisi, kidogo, cheupe, chenye saketi ndani: upande mmoja HDMI ya kiume, ile ya kuchomeka, upande mwingine VGA ya kike, ile ya kuchomekewa. Kwa kuwa kichwa cha kike hakiingii kwenye laptopu ambayo nayo ni ya kike, alifukua stoo akapata waya mnene wa VGA, kiume pande zote mbili, uliokuwa wa kompyuta ya zamani ya marehemu mjomba. Laptopu, waya wa mjomba, kigeuzi, runinga. Mnyororo mzuri. Kila pete imeshika pete. Hakuna mawimbi.

Hapo ndipo nilipopigiwa simu.

Tatizo lilikuwa neno "na"

Niliketi kwenye zulia nikamwuliza binamu amesema nini hasa pale dukani, neno kwa neno. Akarudia: waya ya HDMI na VGA. Nikamwuliza mara ya pili alipoenda kubadilisha alisemaje. Kigeuzi cha HDMI na VGA.

Muuzaji hakumdanganya. Sitaki kumtetea sana, maana ule waya wa kwanza ni kitu ambacho mtu mwenye dhamira asingekitundika, lakini kile kigeuzi cha pili ni bidhaa nzuri na alipewa kile alichoomba. Tabu ni kwamba kwa Kiswahili "na" haina mwelekeo. Chai na mkate ni sawa na mkate na chai. Kwa vigeuzi vya picha si hivyo hata kidogo. Kila kimoja kina pa kuingilia na pa kutokea kama barabara ya njia moja, na ukikiingiza kwa nyuma hakikupi hata picha mbovu ya kukutia moyo. Kinanyamaza. Kigeuzi cheupe kilikuwa cha kutoka HDMI kwenda VGA, yaani cha mtu mwenye laptopu mpya na skrini ya zamani. Sisi tulikuwa kinyume: mashine inayotoa VGA, runinga yenye HDMI.

Namna ya kukitambua ukiwa umesimama dukani ni kuangalia kipi ni cha kiume. Upande unaoingia moja kwa moja kwenye kompyuta mara nyingi ndio wenye kichwa cha kiume kilichoshikamana na kigeuzi. HDMI ya kiume, VGA ya kike: kinakula HDMI, kinatema VGA. Kile ambacho kingetufaa kina VGA ya kiume, HDMI ya kike, na kwa kawaida kina mkia wa USB wa kunyonya umeme kwenye laptopu pamoja na kijiwaya cha sauti. Mkia huo si pambo. VGA haitoi umeme wa kutosha kulisha saketi, na haibebi sauti kabisa.

Nikaulizwa kwa nini basi ule waya mtupu wa kwanza haukufanya kazi, kwa vile wenyewe hauna saketi ya kugeuza mwelekeo. Swali zuri, na alilolileta ni mume wa shangazi mdogo ambaye hutengeneza simu Donholm. Ukichungulia kinachopita ndani utaona ni vitu viwili visivyojuana. Ndani ya VGA, nyekundu, kijani na buluu kila moja ina pini yake, na umeme unaopanda na kushuka kati ya sufuri na volti 0.7 ndio unaosema rangi hiyo ikolee kiasi gani mahali hapo. Pini nyingine mbili hupiga mdundo: mstari umeisha, anza mwingine, ukurasa umeisha, rudi juu. HDMI haina kupanda na kushuka kwa namna hiyo. Inatuma sufuri na moja, mabilioni kwa sekunde, zikiwa zimepangwa kwa utaratibu ambao runinga inaujua. Kuziunganisha kwa shaba tupu ni kama kumpigia mbinja mtu anayesubiri meseji. Lazima awepo mtu katikati wa kusikia mbinja na kuiandika. Ukiona waya wa VGA na HDMI usio na kisanduku popote, kichwa chake chembamba na mkia wa USB hauna, uache hapohapo mezani.

Simu nyuma ya runinga

Saa tisa kasorobo. Kurudi Luthuli Jumamosi mchana, na jam ya Jogoo Road, hapana. Nikamwomba binti mdogo wa pale nyumbani, mwenye mkono mwembamba kuliko wetu sote, apitishe simu nyuma ya runinga akiwa amewasha tochi na apige picha kila upande. Alipiga kumi na moja. Nyingi zilikuwa vumbi na utando wa buibui. Ya saba ilionyesha maandishi yaliyokaa kichwa chini: RGB IN, na kando yake PC.

Hiyo ni VGA. Runinga nyingi za umri ule zinalo tundu hilo, kwa sababu zilitengenezwa wakati watu wakiunganisha kompyuta za mezani. Halikuonekana na mtu kwa miaka yote hiyo kwa kuwa fundi aliyeifunga ukutani aliliacha likitazama simenti. Maana yake ni kwamba ule waya wa mjomba ambao binamu aliutoa stoo saa tano asubuhi, bila kigeuzi, bila shilingi mia saba hamsini, ulikuwa ndio jibu lote. Sikumwambia hivyo mara moja. Alijiambia mwenyewe, na kwa sauti.

Tulilazimika kuishusha runinga. Wanaume wawili, blanketi juu ya kochi, kioo chini. Tukachomeka, tukainua, tukaiegemeza juu ya kabati badala ya kuirudisha ukutani. Kwa rimoti nikachagua chanzo cha PC. Bado giza, lakini hilo nililitarajia: Windows ilikuwa imeachwa kuonyesha kwenye skrini yake tu. Unashika kitufe cha Windows, unabonyeza P, unachagua picha ionekane kote kuwili. Runinga ikapepesa mara moja, mbili, na sebuleni kwa shangazi ikatokea picha ya kwanza ya siku.

Ilikuwa ya njano.

Si njano ya kupendeza. Ukurasa wa kuandikia, ambao ulipaswa kuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya ugali wa mahindi ya njano, na anga ya picha ya nyuma ilikuwa imekufa. Shosho alikuwa kimya muda wote, miguu juu ya stuli. Akauliza kwa Kikuyu kama bibi harusi ataolewa na gauni la rangi hiyo. Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa ndilo uchunguzi wenyewe. Nyeupe kwenye skrini ni nyekundu, kijani na buluu zikiwa pamoja. Ukiitoa buluu, zinazobaki zinafanya njano. Ingekuwa kijani ndiyo imepotea, gauni lingekuwa la zambarau. Ingekuwa nyekundu, lingekuwa la rangi ya maji ya bahari. Kwa hiyo kabla hata ya kuchomoa waya nilijua natafuta pini ya tatu, na pini ya tatu ni rahisi kuipata kwa sababu ndiyo ya katikati katika safu ya upande mpana wa kichwa, ukihesabu kutoka kulia au kushoto.

Ilikuwa imelala. Mtu, pengine mwaka ambao mjomba alikuwa hai, alikisukuma kichwa kikiwa kimepinda na pini hiyo ikajikunja kuegemea jirani yake. Shangazi alileta kibano chake cha kunyolea nyusi. Pini ya VGA ni laini kama sindano ya kushonea iliyopashwa moto. Ukiinyoosha kwa pupa inakatika shingoni na waya umekwisha. Niliishika karibu na shina, nikaivuta kidogo, nikapumzika, nikaivuta tena, huku binamu akimulika. Mara nne. Halafu akashtuka: "Cheki, hapa kuna ingine imekatika kabisa!" Alikuwa anaonyesha safu ya katikati, ambako palikuwa na shimo bila pini. Hiyo ni ya tisa, na nyaya nyingi za VGA hutoka kiwandani bila hiyo. Nilimwonyesha upande wa pili wa waya, ambako nako haikuwepo. Akatulia.

Tuliporudisha, ukurasa ukawa mweupe.

Nyuso zilikuwa zimenenepa, hilo ndilo lililofuata. Laptopu ilikuwa inatuma picha ya nukta 1024 kwa 768, umbo la runinga za zamani za kisanduku, na runinga ilikuwa inaivuta ijaze upana wake. Nilibadilisha kwenye mpangilio wa skrini hadi 1360 kwa 768, kipimo ambacho runinga za inchi 32 za wakati ule hupokea kwa VGA, na binamu ambaye alikuwa mbele ya kamera akarudi kwenye unene wake aliopewa na Mungu.

Sauti

Nimeshasema VGA haibebi sauti. Katika nyumba nyingi za Nairobi hili si janga kwa sababu kuna wufa, spika kubwa ya kuongezea sauti. Ya shangazi iko chini ya kabati, na waya wake wenye vichwa vyekundu na vyeupe upande mmoja na kile kidogo cha hedifoni upande mwingine ulikuwa tayari kwenye runinga. Niliuhamishia kwenye laptopu. Sauti ikaja, safi, nzito, na juu yake mvumo kama friji ya zamani.

Mvumo huu nautambua kwa mtihani mmoja: unachomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, umempata mwizi. Ulikoma. Chaja ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa mbali, karibu na mlango wa jikoni, wakati runinga na wufa zilikuwa kwenye ekstensheni ya upande wa pili. Vifaa vinapounganishwa kwa waya wa sauti na wa picha huku vikipata stima sehemu tofauti, umeme mdogo hupata njia ya kuzunguka kupitia nyaya hizohizo, na spika inakuimbia mzunguko wa stima yenyewe, hezi 50. Kuiacha chaja nje hakukuwezekana. Betri ya laptopu ya mkono wa pili hukuahidi saa tatu na kukupa dakika arobaini, na ibada ya harusi ya Kikatoliki haijali betri ya mtu. Tukaihamishia chaja kwenye ekstensheni ileile ya runinga na wufa. Mvumo ulibaki kidogo sana, wa kusikika tu padri akinyamaza.

Kulikuwa na jambo la mwangwi nalo sina la kueleza sana: maikrofoni ya laptopu ilikuwa inaisikia wufa na kuwarudishia watu wa Toronto sauti zao wenyewe. Tulizima maikrofoni, tukaiwasha wakati wa pongezi pekee, wufa ikiwa imeshushwa.

Saa kumi na mbili kamili sebule ilikuwa na watu kumi na tisa. Kanisa la Toronto lilionekana likiwa tupu hadi na dakika ishirini, maana bibi harusi alichelewa, na shangazi akasema kwa fahari kwamba huyo ni wake kweli, hajabadilishwa na Kanada. Alipoingia, gauni lilikuwa jeupe. Shosho alitoa miguu kwenye stuli akaketi wima, na kwa dakika kadhaa aliizungumzia runinga kama dirisha, akimwambia mjukuu wake ashike maua vizuri.

Kilichobaki baada ya hapo

VGA ilituvusha jioni ile, lakini si suluhisho ambalo ningemwachia mtu. Runinga ilitakiwa kurudi ukutani, na tundu lile lingetazama simenti tena. Wiki iliyofuata nilinunua waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI, shilingi mia sita, na safari hii nilitamka "kutoka" na "kwenda" kama mtu anayekata tikiti ya basi.

Mtu angeuliza mbona huu hauna kisanduku wala mkia wa USB, na mimi nimetoka kuwakataza waya wa namna hiyo. Tofauti iko upande wa laptopu. Matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yanajua lugha mbili. Yakihisi kwamba kilichochomekwa ni waya wa HDMI, laptopu yenyewe huanza kutuma mawimbi ya HDMI, na ndani ya kichwa cha waya kinachobaki ni kusawazisha viwango vya umeme tu. Ila hata hapo ni njia moja. Waya uleule hauwezi kutoa picha kwenye dekoda yenye HDMI ukaipeleka kwenye skrini ya DisplayPort. Vichwa vingi vya DisplayPort pia vina kulabu mbili ndogo zinazojifunga ndani, kwa hiyo kuna kitufe cha kubonyeza kabla ya kuchomoa. Nilimwonyesha binamu kitufe hicho mara tatu, kwa sababu ya ile rangi iliyochunika.

Kwa HDMI sauti husafiri pamoja na picha, lakini Windows wakati mwingine huendelea kuipeleka kwenye spika za laptopu. Unabofya alama ya spika kwenye kona na kuchagua jina la runinga. Jambo la pili lililojitokeza ni kwamba kingo za picha zilikatwa, ule mstari wa chini wenye saa ukawa nusu. Hiyo ni tabia ya runinga kukuza picha kidogo, iliyorithiwa kutoka enzi za matangazo ya analojia ambapo kingo zilikuwa chafu. Tiba iko kwenye rimoti, kwenye ukubwa wa picha, unachagua ile inayoonyesha picha yote bila kuivuta. Watu hupoteza jioni nzima wakiitafuta kwenye laptopu.

Mume wa shangazi mdogo aliniuliza kama angeweza kutumia simu badala ya haya yote, kwa kuwa tundu lake ni USB-C na amesikia linatoa picha. Baadhi hutoa. Simu nyingi za bei ya kawaida zina tundu la umbo hilohilo lisilotoa picha hata kidogo, linachaji na kupitisha mafaili basi. Ya kwake ilikuwa mojawapo, na yeye ndiye fundi wa simu, hivyo hakupenda jibu hilo.

Kile kigeuzi cheupe shangazi alitaka kukitupa. Nilikiomba. Kanisani kwake kuna projekta ya zamani yenye VGA tu, na mwezi uliopita kiongozi wa kwaya alikuja na laptopu mpya yenye HDMI peke yake, dakika tano kabla ya ibada, uso umemshuka. Nilikitoa mfukoni, HDMI ya kiume kwenye laptopu yake, waya wa mjomba kwenye upande wa kike, na maneno ya nyimbo yakapanda ukutani, meupe kabisa.